Droni ya ukumbini: kabla ya kamera, uliza itaangukaje

Chumba cha habari kilinimeza wiki mbili hizi, ndiyo maana mmeona kimya. Leo nimerudi na jambo lisilohusu siasa wala Simba na Yanga. Nataka tuzungumze habari za droni. Tena si zile za kupiga picha fukwe na milima. Nazungumzia droni ndogo za kurusha NDANI: ukumbini, kanisani, hotelini, dukani, hata sebuleni kwa mtu.

Kwa nini? Ngoja nianze na mkono wa shangazi yangu.

Mwaka jana tulikuwa na sendofu ya binti wa familia yetu katika ukumbi mmoja hapa Dar. Kamati ilichangisha mpaka jasho likatoka, ukumbi ukapambwa kwa vitambaa vyeupe kutoka darini mpaka sakafuni, na kwenye bajeti kukawa na kipengele kipya: "video pamoja na droni". Mzee mmoja wa kamati akauliza droni ya nini ndani ya nyumba, akajibiwa kwamba siku hizi ndiyo fasheni. Basi bwana, matarumbeta yakaingia, watu wakasimama kucheza, na mpiga video akakiinua kidude chake. Ilikuwa droni ya kawaida ya kukunja, zile za kazi za nje, propela zake nne ziko wazi kabisa. Ikakaa hewani sekunde kama kumi hivi, ikaanza kuteleza pembeni yenyewe, ikanasa kwenye kitambaa cha pambo, ikaporomoka kwenye meza ya mashangazi huku propela mbili bado zinazunguka. Shangazi yangu alinyoosha mkono kukinga uso. Akashonwa nyuzi tatu kwenye kiganja.

Kesho yake nikaenda kumjulia hali. Nikamwamkia, akaitikia: "Marahaba baba. Hivi kile kidude kilikuwa kinatafuta nini juu ya pilau langu?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lile limenikaa kichwani, na limerudi kwa kishindo baada ya mshikaji wangu mmoja, tuliyesoma naye chuo na ambaye sasa anaishi kwa kupiga video za harusi, kunifuata na pendekezo. Anataka tuchange nusu kwa nusu tununue droni ya ndani. Mimi niweke akiba yangu ya miezi sita, yeye aweke yake, tugawane kazi za mwisho wa wiki. Hesabu yake ni nzuri. Nilipomuuliza anataka droni gani, akaanza kunisomea sifa za kamera: 4K, ukubwa wa kihisi, idadi ya fremu. Dakika kumi nzima hakutaja hata mara moja kitu kitakachotokea siku droni hiyo itakapogonga mtu.

Hapo ndipo tulipoanza kubishana, na hapo ndipo ulipo msimamo wangu wa leo. Droni ya ndani ichaguliwe kwanza kwa namna inavyogonga na inavyoanguka. Kamera ije baadaye. Na sisemi KAMA itagonga. Ndani ya nyumba kila droni hugonga kitu siku moja, hata ya bingwa.

Tuanze na sababu ya ile ya sendofu kuteleza. Nje, droni hujua ilipo kwa msaada wa setilaiti za GPS. Ndani, chini ya zege na mabati, mawimbi hayo hayafiki vizuri au hayafiki kabisa. Kinachobaki ni kamera ndogo na vihisi vilivyo tumboni mwa droni, ambavyo vinatazama sakafu na kuitumia kama alama ya kujishikilia mahali pamoja. Sasa fikiria sakafu za kumbi zetu: vigae vyeupe vinavyong'aa kama kioo, au zulia la rangi moja. Fikiria na taa zetu: MC akishasema "tupunguze mwanga", ukumbi unabaki na taa za rangi zinazozunguka. Droni inatazama chini haioni alama yoyote, au inaona alama zinazotembea! Lazima ipotee. Ongeza upepo wa kiyoyozi, ongeza upepo wake yenyewe unaogonga ukuta na kurudi, na hapo una kidude chenye visu vinne kinachoelea kwa kubahatisha.

Ndiyo maana watu wa fani hii walikuja na droni zenye kinga. Asili yake ni midude ya kuchezea yenye ukubwa wa kiganja, ambayo propela zake zimezungushiwa pete za plastiki. Katikati ya miaka ya 2010 wapenzi wa droni huko Marekani walianza kuzifunga kamera ndogo na kushindana nazo sebuleni na chini ya viti. Baadaye wengine wakajiuliza, kwa nini tusikuze umbo hilo hilo libebe kamera nzuri ya filamu? Zikazaliwa droni ambazo wenyewe wanaziita sinewupu. Mrushaji anavaa miwani inayomwonyesha kile droni inachokiona, anapita mlangoni, chini ya meza, katikati ya watu wawili, na ikigusa ukuta inadunda na kuendelea na safari.

Kama hujawahi kuona kazi ya sinewupu, mfano mzuri ni video fupi ya Machi 2021 iliyopigwa ndani ya Bryant Lake Bowl, ukumbi wa mchezo wa bowling wenye baa na jukwaa la maonyesho katika mji wa Minneapolis. Mrushaji Jay Christensen aliiingiza droni kutoka barabarani, ikapita katikati ya wateja, ikaingia hadi nyuma ya mashine za kupanga pini, yote kwa mkupuo mmoja bila kukata. Dakika moja na nusu hivi, na dunia nzima ikaitazama. Vijana wetu wengi wa video waliiona ile wakasema: na mimi nataka.

Sawa, na mimi nataka. Lakini tutazame mambo yenyewe.

La kwanza ni UZITO. Nguvu ya kugonga hupanda sambamba na uzito, ila kwa mwendo hupanda kwa mraba: ukikimbiza droni ile ile mara mbili zaidi, kishindo kinakuwa mara nne. DJI Neo, iliyotoka Septemba 2024, ina gramu 135, pungufu ya simu nyingi zilizo mifukoni mwenu sasa hivi. DJI Avata 2, iliyotoka Aprili 2024, ina gramu 377. Hilo ni kopo la soda lililojaa. Avata ya kwanza, ya 2022, ilikuwa na gramu 410. Nilimwambia mshikaji wangu: chukua kopo la soda ambalo halijafunguliwa, mwambie mtu asimame juu ya ngazi alidondoshe kichwani kwako, halafu fanya hivyo hivyo kwa simu ndogo. Akasema nina roho mbaya. Labda. Ila kati ya droni hizi mbili nzito ni karibu mara tatu ya nyepesi, na kichwa kitakachopokea si chetu, ni cha mgeni aliyekuja kula na kucheza.

La pili ni KINGA zenyewe, na hapa watu wengi wanajidanganya. Wakiona pete za plastiki wanadhani droni imeshakuwa mpira. Hapana. Pete za pembeni zinazuia propela isikate ukuta, bega au mkono unaotokea ubavuni. Upande wa juu, ambako hewa inaingia, mara nyingi uko wazi au una nafasi za kupita kidole. Na kuna adui mmoja ambaye kinga nyingi hazimwezi: kitambaa. Propela inavuta hewa kutoka juu, kwa hiyo chochote chepesi kinachoning'inia kinafuata hewa hiyo. Shela la bibi harusi. Mtandio. Nywele za bandia. Mapambo.

Hili sikusoma mahali, tulilijaribu. Kuna jamaa tunayemfahamu ana Neo, mwingine ana Avata 2, tukaziazima zote mbili, tukaomba ukumbi siku ya Jumanne ukiwa mtupu, tukatundika kanga moja kwenye kamba. Avata 2 ilipopita chini ya pindo la kanga kwa umbali wa kama shibiri moja, pindo likainama lenyewe, likaingia kwenye propela, na droni ikaenda chini palepale. Haikugusa kanga, kanga ndiyo iliyoifuata! Neo nayo ikanasa, ila ilihitaji kukaribia zaidi. Mshikaji wangu alikaa kimya muda mrefu kidogo. Nadhani alikuwa anaona shela.

La tatu ni KUJISHIKILIA. Taa zote zikiwa zinawaka, zote mbili zilitulia vizuri juu ya vigae. Tulipozima taa kubwa na kubakiza za rangi, zote zikaanza kutangatanga na kutoa onyo. Kwa hiyo uliza, droni inafanya nini ikichanganyikiwa? Avata 2 ina jambo moja ninalolisifu: ukibonyeza kitufe kimoja inafunga breki na kujaribu kusimama hewani, na ikianguka chali inaweza kujipindua ikarudi kusimama bila kuifuata. Lakini haina macho ya mbele. Vihisi vyake vinatazama chini na nyuma, mbele ni wewe na miwani yako. Neo ya kwanza inatazama chini tu. Neo 2, iliyotoka mwishoni mwa 2025, ina gramu 151 na imeongezewa vihisi vya kuona vizuizi, jambo ambalo kwa anayeanza lina maana kubwa kuliko nambari yoyote ya kamera. Kisha kuna sinewupu za kujiungia mwenyewe au kununua kwa mafundi. Hizo ni tamu mkononi mwa mjuzi, unachagua kila kipande, lakini nyingi hazijishikilii kabisa. Ukiachia mkono, inaanguka.

La nne ndiyo KAMERA, na sisemi haina maana. Kumbi zetu ni giza, na giza ndilo linaloumbua kamera ndogo. Kihisi cha Neo ni cha inchi 1/2, cha Avata 2 ni cha inchi 1/1.3. Tofauti ile tuliiona kwa macho: picha za Neo kwenye taa hafifu zilijaa chengachenga, za Avata 2 zilikuwa safi zaidi. Kuna na DJI Flip ya Januari 2025, haifiki gramu 249, ina kihisi kama cha Avata 2, kamera yake inatulizwa kwa pande tatu, na kinga zake zinakunjwa. Hii ni nzuri kwa picha za taratibu zilizotulia, ila si ya kupenya penya chini ya meza.

Sasa msikilizeni vizuri mtu aliyepoteza Jumanne nzima. Tofauti kubwa zaidi hatukuipata kwa kubadilisha droni. Tuliipata kwa kuwasha taa! Neo katika ukumbi ulioangazwa vizuri ilitoa picha nzuri kuliko Avata 2 katika giza. Mwanga ukiwa hafifu hata ule ujanja wa kutuliza picha kwa programu unashindwa, kwa sababu kila fremu inakuwa imeshachafuka kwa mwendo. Halafu umeme wetu ni wa hezi 50. Kama droni inakuruhusu kuchagua shata, weka 1/50 au 1/100, la sivyo taa zitapepesa na utaona mistari inatembea kwenye video. Laki moja ya kukodi taa mbili inaweza kukusaidia kuliko nyongeza ya mamia ya dola kwenye kamera. Tukumbuke bei pia. Zilipotoka, Neo iliuzwa Marekani kwa dola 199, Flip 439, na Avata 2 kwa dola 489 bila miwani wala rimoti. Ukiweka miwani, rimoti na betri tatu ilifika dola 1,199. Kwa bei za huku ongeza mwenyewe.

La tano, KELELE. Propela ndogo zinazozunguka kwa kasi ndani ya pete zinalia kama nyigu kwenye chupa. Ukiirusha wakati padri anawauliza maharusi kiapo umeharibu kiapo. Sauti ya droni huwezi kuitumia, lazima urekodi sauti kwa kifaa kingine. Hata ile video ya Minneapolis, sauti za watu na za pini ziliongezwa baadaye. Hii peke yake inatosha kukuonyesha kwamba kuna nyakati droni haina kazi ukumbini, hata iwe na kinga kiasi gani.

Kwa hiyo kipi kinunuliwe? Ushauri wangu ni huu. Kama watu watakuwepo chini yake au karibu yake, nunua nyepesi kuliko zote unazoweza kuvumilia picha zake, yaani familia ya Neo na wenzake wa gramu mia na kitu. Kama kazi yako ni hoteli, maduka, nyumba za kupangisha, mahali ambapo unaweza kuwatoa watu au kuwapanga kama waigizaji wanaojua kinachokuja, hapo Avata 2 au sinewupu ya fundi inalipa. Droni ya propela wazi isiingie ukumbini. Mteja akililia, mwambie kamera ya kushikwa mkononi inatosha.

Najua hoja ya upande wa pili, maana nimeisikia wiki nzima. "Kaka, wateja wanalinganisha picha, hawalinganishi gramu." Ni kweli. Mshindani wako ataweka klipu safi mtandaoni na kazi itamwendea yeye. Na biashara ya video hapa mjini ni ya kugombaniana kweli kweli, siwezi kumlaumu mtu anayetafuta ugali wake. Lakini nijibuni: ile sendofu yetu, mnadhani kuna mtu anakumbuka picha zake zilikuwa na fremu ngapi? Familia nzima inakumbuka damu kwenye kitambaa cha meza. Mpiga video yule hakuitwa tena kwenye harusi yenyewe, wala kwenye harusi nyingine ya ukoo wetu, na ukoo wetu ni mkubwa. Gramu nazo zinalinganishwa, ila siku ya ajali.

Mengine mawili kabla sijaondoka. Mrushaji aliyevaa miwani haoni mtoto aliyekimbilia miguuni pake, kwa hiyo lazima awepo mtu wa pili, macho wazi, kazi yake kusema "simama" tu. Na mazoezi: kuna simuleta za kompyuta kama Liftoff ambazo unaunganisha rimoti na kuanguka mara mia bure. Anguka huko kwanza. Pia usidhani paa ndiyo ruhusa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ina utaratibu wake wa droni, nenda ukaulize kabla hujalipa hata senti, tena ukimtaja uzito na matumizi. Maswali ya mapema ni nafuu kuliko kuona kifaa chako kimekaa kwenye kabati la ofisi ya watu.

Mimi na mshikaji wangu tumefika wapi? Tumekubaliana nusu. Tunanunua Neo 2 kwanza, pesa iliyobaki inaingia kwenye taa, na Avata 2 tutaizungumza tukishapata kazi tatu za hoteli. Yeye hajafurahi sana. Nilipompigia shangazi kumweleza kwamba na mimi sasa naingia kwenye biashara ile ile, alicheka mpaka akakohoa. Kovu bado analo, anasema likipata baridi linamuuma. Akanipa sharti moja: nipige ukumbi na meza na mapambo yote kabla wageni hawajaketi, na wageni wakishaketi kidude kirudi kwenye begi mpaka wakati wa kucheza, tena kipite pembeni, kisipite juu ya meza.

Nikalipeleka sharti hilo kwa mshikaji wangu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hilo tuliandike kwenye mkataba." Tumeliandika.

Haya, tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.